Msimuliaji Asiyesikika: Colleen Clinkenbeard, Anime na Agasobanuye ya Kigali

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kazi ya Colleen Clinkenbeard, mwigizaji wa sauti na mwongozaji wa uingizaji sauti wa anime nchini Marekani. Yanaisoma kazi hiyo kutoka mahali ambapo filamu za kigeni husikika kwa sauti ya msimuliaji mmoja, yaani mtaa wa Gatsata, Kigali. Hoja yake ni kwamba mwongozaji wa sauti ni mrithi wa msimuliaji huyo: ana mamlaka yaleyale juu ya matini, ila yeye hasikiki. Mjadala wetu wa filamu zilizotiwa Kiswahili umejikita katika tafsiri na istilahi, na mtu huyu amebaki nje ya mlango.

Sauti ya mtu mmoja

Gatsata ni kata ya Wilaya ya Gasabo, juu kidogo ya bonde la Nyabugogo, kando ya barabara iendayo Gicumbi hadi mpaka wa Gatuna. Kwa wakazi wa Kigali jina hilo hukumbusha kwanza gereji na vipuri vya magari. Kiswahili hakikuingia huko kwa sheria ya mwaka 2017 iliyokifanya kuwa lugha rasmi ya Rwanda pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kilikuwamo tayari vinywani mwa madereva wa malori, wauza vipuri na mafundi waliowahi kutafuta riziki Kampala, Goma au Bukavu. Mtaa huu una namna yake ya kutazama filamu. Gari likiwa juu ya jeki na fundi akingoja kipuri, simu huegemezwa mahali, na humo hutoka sauti ya mtu mmoja ambaye ni polisi, ni mwizi, ni mama, ni mtoto, na tena ni mtazamaji anayewacheka wote hao.

Filamu ya namna hiyo Wanyarwanda huiita agasobanuye. Neno lenyewe linastahili kutazamwa. Kitenzi chake ni gusobanura, kueleza au kufafanua, na mwisho wake wa -ura unafanana na kauli yetu ya kutendua: Kinyarwanda husema gukinga kwa kufunga mlango na gukingura kwa kuufungua, kama sisi tusemavyo fumba na fumbua. Kiambishi cha mwanzo ni cha udogo, kile ambacho Kiswahili sanifu hukitimiza kwa ki-. Agasobanuye basi ni kijitu kilichofumbuliwa. Neno halisemi kwamba filamu imetafsiriwa wala kwamba imetiwa sauti nyingine. Linasema kwamba filamu ilikuja imefungwa, na kuna mtu aliyeifungua.

Mtu anayetajwa kwanza Rwanda katika ufunguaji huo ni Thomas Nkusi, aliyejulikana kwa jina la Yanga, aliyefariki Afrika Kusini mwezi Agosti 2022. Nduguye, Junior Giti, yumo katika kazi hiyohiyo. Majirani wana wao: Uganda ina VJ Jingo na wenzake wanaosimulia kwa Kiganda, Kenya ina DJ Afro, na Tanzania ilikuwa na Kapteni Derek Mukandala, yaani Lufufu. Mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings, aliyewachunguza wasimuliaji wa Tanzania, aliipa makala yake anwani inayosema kuwa kazi yao ni kuugeuza wali kuwa pilau. Sitiari hiyo ni tamu, na kwa sehemu kubwa ni ya haki. Msimuliaji huongeza viungo: huwapa wahusika majina ya mtaani, hutabiri kitakachotokea, hukemea, hutania, na pale mazungumzo ya asili yanapochosha huyaruka bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ila pilau hili lina pungufu lake, na uhakiki umekuwa mpole mno juu yake. Majina niliyoyataja yote ni ya wanaume. Mwanamke wa kwenye filamu, awe malkia au muuguzi, huzungumza kwa koo la mwanamume, na msimuliaji ana njia mbili tu za kumsemesha. Ya kwanza ni kumripoti, yaani kusema kwamba huyu dada anamwambia bwana yule kadha wa kadha. Ya pili ni kumwigiza kwa kuibana sauti iwe nyembamba, na hapo wasikilizaji hucheka hata kama mhusika analia. Sidhani kwamba wasimuliaji wanakusudia dharau. Ni matokeo ya chombo wanachotumia: koo moja haliwezi kuwa la watu wawili kwa uzito ulio sawa, na mwenye koo hubaki upande wa wale anaofanana nao. Lakini matokeo ni kwamba kilio cha mwanamke, katika maelfu ya saa za filamu zinazosikilizwa Afrika Mashariki, kimekuwa mahali pa kuchekea.

Wanawake wenye sauti za wavulana

Japani, ambako anime hutoka, ilipitia njia inayofanana na yetu. Enzi za filamu bubu kila ukumbi ulikuwa na benshi, msimuliaji aliyesimama kando ya pazia akiwasemea wahusika wote, na watazamaji wengi walikwenda kumsikiliza yeye kuliko kumtazama nyota wa picha. Filamu zenye sauti ziliwaondolea kazi. Heigo, kaka yake mwongozaji mashuhuri Akira Kurosawa, alikuwa benshi, naye alijiua mwaka 1933 wakati taaluma hiyo ikizama. Sanaa yenyewe haikufa kabisa: tangu miaka ya 1970 mwanamke aitwaye Midori Sawato ameiendeleza mbele ya filamu za zamani. Tofauti na sisi iko hapa. Benshi aliuawa na filamu yenye sauti, ilhali msimuliaji wetu alizaliwa nayo, kwa kuwa kwetu kikwazo kilikuwa kwamba filamu inasema lugha ya wengine.

Baada ya benshi kuondoka, koo moja la ukumbini liligawanywa kuwa makoo mengi ya studioni, na katika mgawanyo huo lilitokea jambo ambalo msikilizaji wa Gatsata angelistaajabia. Wavulana wa anime walipewa sauti za wanawake. Masako Nozawa, aliyezaliwa mwaka 1936, amekuwa sauti ya Goku tangu Dragon Ball ilipoanza mwaka 1986, na Goku alipokua, akaoa na kuzaa, sauti ilibaki ileile. Wanawe wawili nao wakapewa koo hilohilo. Mayumi Tanaka amekuwa Luffy wa One Piece tangu 1999, na Junko Takeuchi amekuwa Naruto tangu 2002. Sababu ya kiufundi inajulikana: sauti ya mvulana halisi huvunjika, na mfululizo unaoweza kuendelea miaka ishirini hauwezi kumngoja. Hata hivyo sababu ya kiufundi haitoshi kueleza kwa nini hakuna anayecheka. Hakuna anayecheka kwa sababu mwanamke huyu hamwigizi mvulana kutoka nje, kama msimuliaji anavyomwigiza malkia. Anapewa nafasi nzima, na muda wa kuikalia.

Colleen Clinkenbeard aliingia katika urithi huo kwa upande wa Kiingereza. Alifanya kazi na kampuni ya Funimation, jimboni Texas, na katika majukumu yake ya awali alikuwa Rachel wa Case Closed, jina ambalo Waingereza na Wamarekani hulitumia kwa Detective Conan, na Riza Hawkeye, mwanajeshi mtulivu wa Fullmetal Alchemist. Baadaye alikuwa Erza Scarlet katika Fairy Tail. Ukiwasikiliza hawa wawili, Riza na Erza, unasikia kitu ambacho agasobanuye haijawahi kumpa mwanamke: amri isiyopandishwa sauti. Riza hutamka maneno yake kana kwamba pumzi ni mali ya jeshi na hairuhusiwi kupotea. Kwangu hilo ndilo jukumu lake bora, ingawa silo lililompa umaarufu.

Lililompa umaarufu ni Luffy. One Piece ilikuwa imekwisha kutiwa Kiingereza kabla yake na kampuni ya 4Kids, iliyoikatakata ili ifae televisheni ya watoto. Sigara ya mpishi Sanji iligeuzwa peremende ya kijiti, na vipindi vizima vikaachwa. Luffy wa toleo hilo alikuwa Erica Schroeder. Funimation walipoichukua kazi mwaka 2007, Clinkenbeard ndiye aliyekabidhiwa. Ni vema kusema wazi kwamba 4Kids walifanya kile ambacho wasimuliaji wetu hufanya kila siku, yaani kuipika upya filamu kwa ajili ya walaji wake. Walilaumiwa vikali na wapenzi wa anime. Kwa nini kosa la 4Kids liwe sifa ya Yanga? Jibu langu ni kwamba Yanga alipika mbele ya walaji. Sauti yake ilikiri kwa kila sentensi kwamba huyu ni mimi ninayewaelezeni, na chini yake sauti ya asili iliendelea kunong'ona, shahidi wa yote aliyoyaacha. 4Kids walifuta shahidi.

Anayekumbuka mandhari nzima

Hadi hapa nimezungumzia koo. Sehemu ya kazi ya Clinkenbeard inayotuhusu zaidi haisikiki kabisa, nayo ni uongozaji. Ili kuielewa ni lazima kujua jinsi sauti zinavyorekodiwa. Japani waigizaji wa kipindi kimoja kwa desturi hukutana chumba kimoja, hushika maandishi, husimama mbele ya picha na kusemezana. Anayejibu amemsikia aliyeuliza. Marekani, kwa kawaida, kila mwigizaji huingia kibandani peke yake. Husikia milio mitatu mifupi masikioni, na pale ambapo ungekuja wa nne ndipo huanza kusema, akifuata mdomo uliochorwa kwa ajili ya lugha nyingine. Anamjibu mtu ambaye huenda bado hajarekodiwa. Analia juu ya maiti ambayo sauti yake itatiwa wiki ijayo.

Katika mpangilio huo ni mtu mmoja tu aliye na mandhari nzima kichwani, na huyo ni mwongozaji wa sauti. Yeye ndiye anayejua kwamba ghadhabu ya sentensi hii inapaswa kuwa chini kuliko ya ile itakayokuja kipindi cha saba. Yeye humwambia mwigizaji aliye peke yake kibandani kwamba aliye mbele yake amesimama hatua kumi, si mbili, na kwamba anaongopa. Hukubali au hukataa. Neno likigoma kukaa mdomoni, hulibadilisha papo hapo au humwita mwandishi wa maandishi alibadilishe. Msikilizaji atadhani amesikia mazungumzo ya watu ishirini. Kwa hakika amesikia usomaji wa mtu mmoja uliotawanywa katika makoo ishirini. Kwa maana hiyo nasema kuwa mwongozaji ni msimuliaji. Filamu nzima imepita kifuani mwake kama ilivyopita kifuani mwa Yanga, ila ameamua, au ameamuliwa, asitoke hadharani.

Clinkenbeard aliongoza toleo la Kiingereza la My Hero Academia, mfululizo ulioanza mwaka 2016, na humohumo akawa sauti ya Momo Yaoyorozu. Mtu anaweza kuona hapo upendeleo, mwongozaji kujipa jukumu. Mimi naona jambo la kuvutia zaidi. Momo ni msichana mwenye akili nyingi anayepoteza imani na hukumu yake mwenyewe, kisha huirudisha polepole. Mwongozaji aliyelikalia jukumu la mtu anayesitasita kuamua, huku yeye mwenyewe akiwa ndiye mwamuzi wa kila sauti nyingine, amelisoma jukumu hilo kwa namna ambayo maandishi peke yake hayangempa. Miaka ya kibandani, akiwa Riza na Luffy, ndiyo iliyomfundisha nini cha kumwambia mtu aliye upande wa pili wa kioo. Ndiyo njia ya kazi yenyewe: kutoka kwenye koo hadi kwenye sikio.

Goku ni wa wapi?

Sasa tuulize swali la Kiswahili. Goku wa Nozawa hajiiti kwa kiwakilishi cha kawaida. Husema ora, neno la kishamba, la mtu aliyekulia milimani mbali na mji, na mtazamaji wa Kijapani husikia mara moja kwamba shujaa hodari kuliko wote ni mtu wa shamba. Kiingereza hakina kiwakilishi cha namna hiyo, na waliolitia Kiingereza walimpa Goku mtu mzima sauti ya mwanamume, Sean Schemmel, sauti ya shujaa kifua mbele. Walipata ushujaa, wakapoteza shamba.

Kiswahili kinaweza kulirudisha shamba hilo, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Tumpe Goku miye ya mwambao? Kwa msikilizaji wa Gatsata hiyo si lugha ya shamba hata kidogo. Ni lugha ya Unguja, ya taarab na ustaarabu. Tumpe Kimakunduchi? Mjini Zanzibar ataonekana wa shamba, Kigali hataeleweka. Tumpe Kiswahili cha Kivu, chenye upatanisho wake wa kisarufi? Gatsata itamtambua kama jirani, Dar es Salaam itamcheka, na Goma itauliza, kwa haki, ni nani aliyeamua kwamba wao ndio washamba wa Afrika Mashariki. Hakuna kamusi itakayolijibu swali hili, wala kamati ya istilahi. Hulijibu mwongozaji wa sauti, saa nne asubuhi, mwigizaji akiwa amesimama kibandani na saa ya studio ikilipiwa.

Katika fonolojia mambo ni mepesi zaidi kuliko inavyodhaniwa. Kijapani, Kinyarwanda na Kiswahili hupendelea silabi wazi. Mdomo wa anime, uliochorwa ufunguke na kufumba kwa maumbo machache, hautashangazwa na maneno yanayoishia kwa irabu. Kazi iko kwenye urefu. Kitenzi chetu hubeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, na nitakulinda ina silabi tano mahali ambapo picha huenda imeacha nafasi ya tatu. Mwongozaji atalazimika kuchagua kati ya kukata njeo, kukata mtendwa, au kumfanya mwigizaji akimbize pumzi, na kila uchaguzi humbadilisha mhusika. Nipo hapa, kwa mfano, inaingia kwa silabi nne, si ahadi tena, na katika kinywa cha Riza Hawkeye ingekuwa na nguvu kuliko ahadi.

Doudou, Akili na kiti kitupu

Kiswahili hakianzii sifuri. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, na rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Mwaka 2016 StarTimes iliendesha nchini humo shindano la kutafuta vipaji vya sauti, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi. Azam TV nayo imeingiza Kiswahili katika tamthilia za Kituruki. Katika kazi hizi zote wanawake wamezungumza kwa makoo yao wenyewe, na hilo peke yake ni mapinduzi ambayo hayajaandikiwa vya kutosha. Mama mkwe wa Kichina aliyekasirika kwa Kiswahili cha mwanamke halisi si kichekesho tena. Anaogopesha.

Mfano ulio karibu zaidi na Kigali ni wa Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam, ambalo katuni yake Akili and Me imetolewa pia kwa Kinyarwanda. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Mtoto wa Gatsata anayeitazama kwa Kinyarwanda anakutana na kitu ambacho simu ya baba yake gereji haimpi: shujaa wa kike mwenye sauti yake, asiyeripotiwa na mtu yeyote. Na sauti hiyo haikusafiri kutoka Tokyo kupitia Texas. Imevuka Rusumo tu.

Hata hivyo tazama shindano lile la 2016 lilitafuta nini. Lilitafuta sauti. Sisi wa vyuo nasi huandaa wafasiri. Kati ya mfasiri na mwenye sauti kuna kiti, na sijui kozi ya Kiswahili katika ukanda wetu inayomwandaa mtu kukikalia. Matokeo yake husikika. Tamthilia nyingi zilizotiwa Kiswahili zina maneno sahihi na makoo mazuri, lakini kila mhusika anazungumza kana kwamba yuko chumba chake, kwa kimo kilekile cha sauti, mwizi na hakimu wakitumia Kiswahili kilekile cha taarifa ya habari. Watazamaji husema kwamba zimepooza, kisha hurudi kwa DJ Afro. Wakosoaji hulalamikia tafsiri. Nadhani kinachokosekana ni usomaji: hakuna aliyeipitisha hadithi nzima kifuani mwake.

Ndiyo maana siungi mkono wale wanaotaka wasimuliaji wafukuzwe ili uingizaji sauti uchukue nafasi yao. Junior Giti na wenzake wanajua jambo ambalo mshindi wa shindano la sauti hawezi kulijua baada ya miezi sita kibandani, yaani namna ya kuibeba filamu nzima, na mahali ambapo msikilizaji wa Nyabugogo atachoka. Wakikalishwa upande wa pili wa kioo, pamoja na wanawake waliokwisha kufanya kazi ya koo katika tamthilia za Kichina na Kituruki, wanaweza kuwa waongozaji. Sharti ni gumu kwao kuliko kwetu. Itawabidi wanyamaze, na wawaache wengine, wanawake wakiwamo, waseme yale ambayo wao wangeyasema kwa utamu zaidi.

Kuna pia suala la jina. Msimuliaji hujitaja ndani ya filamu, mara kadhaa, na mnunuzi huomba filamu kwa jina lake, si kwa jina la nyota aliye kwenye picha. Jina la mwongozaji wa sauti hupita mwishoni, katika maandishi madogo, ambayo vituo vyetu vya televisheni huyakata ili matangazo ya biashara yaanze.